Mwaka wa Surua Nyumbani kwa Eddo Dekha

Nilikwenda Garissa kumzika Eddo Dekha, nikachelewa maziko kama ninavyochelewa kila jambo, nikaishia kukaa na wanawake waliokuja kuhani. Nyumba ipo palepale mtaa wa Iftin, ukuta uleule, ila mabati yamebadilishwa na jiko la nje limegeuzwa duka la kuuza kadi za simu. Nimekaa mkekani nimeegemea ukuta, gilasi ya chai ya maziwa mkononi, chumba cha pili wanasoma Qur'ani, mara nyuma yangu mtoto akakohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza. Nilishtuka hadi chai ikanimwagikia pajani. Mama mmoja akanipangusa kwa ncha ya shela yake, akasema pole abayo, dada yangu, chai ya moto hiyo. Sikumwambia kwamba si chai iliyonishtua. Mimi ni mwoga wa kikohozi, na sioni haya kulisema. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote, nimeeleza ubaoni jinsi mwili unavyojilinda hadi chaki ikaniingia mapafuni, lakini mtoto akikohoa katika nyumba ile ninarudi kuwa msichana wa kidato cha pili niliyelala stoo katikati ya magunia ya makaa, nasikiliza ukutani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Somalia imevunjika, kambi za Dadaab zimejaa na zinaendelea kujaa. Eddo maana yake shangazi kwa Kisomali, ila hakuwa shangazi yangu wala wa msichana yeyote pale. Alikuwa mjane aliyepokea wasichana wa Ijara waliokuja kusoma shule za kutwa mjini. Mwaka ule tulikuwa wanne: mimi Hawa, wa Masalani, mtu wa mtoni ambaye Kiswahili nimekinyonya, ndugu wawili wa Ijara, na Sahra wa Sangailu, ambaye kitanda chake na changu vilitenganishwa na ndoo ya maji tu. Sahra alikuwa na kicheko cha kuamsha mtaa na miguu mirefu isiyotosha kitandani. Wikendi alinisuka, na akinisuka ananisimulia ngamia wa kwao, nami nikisema ngamia wote sawa ananivuta nywele hadi nitubu.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja iliyojulikana hadi sokoni. Kisomali kinabaki mlangoni pamoja na viatu. Eddo aliamini kwamba wasichana wa kwao wanafelishwa na Kiswahili na si na akili, basi mwenye kuvuka kizingiti na kusema neno la Kisomali alisugua masufuria yote kwa majivu. "Mtihani haikuulisi kwa Kisomali!" alikuwa akifoka, na Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha kutia huruma, herufi p hana, v hana, z hana, ngeli hazijui, lakini haachi. Siku alipoungua kidole jikoni na kutoa laana ya Kisomali tulimzingira tukipiga makofi, naye alichukua majivu akasugua, akinung'unika kwa Kiswahili. Mimi sikusugua hata siku moja, na kwa hilo nilichukiwa vizuri sana. Hasara yangu niliiona baadaye. Niliishi na Wasomali mwaka mzima nikatoka na Kisomali cha kuombea chumvi.

Alasiri moja, tukiwa kwenye anjera na chai, aliingia binamu yake Eddo kutoka kambini na mtoto mgongoni. Mtoto anaitwa Abdi, ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Pua inatiririka, macho mekundu, anageuza uso kila mwanga unapomgusa. Mama yake hakukaa. Alikuwa na watoto wengine kambini na gari linamsubiri, akaomba Eddo ampeleke huyu hospitali kubwa. Baada ya kumsindikiza mgeni, Eddo alimketisha Abdi miguuni, akamfungua mdomo kwa kidole na kuchungulia ndani ya mashavu. Kulikuwa na punje nyeupe, kama chumvi iliyomwagika. Akaufunga ule mdomo polepole. Hata hapo, jamani, hata kwa hofu ile, hakusahau sheria yake. Akalitafuta neno la Kiswahili, akalipata.

"Surua," alisema. "Hii ni surua. Na msiseme nje. Mkisema nje, hakuna mtu ataingia hii nyumba, hata maji hawatatuusia."

Nimezirudia amri zile mbili kichwani zaidi ya nilivyorudia somo lolote. Ndani, Kiswahili tu. Nje, kimya. Ugonjwa ule una jina lake la Kisomali, jadeeco, jina ambalo kila mama wa Sangailu analijua. Na neno lile halikuwa na pa kutamkwa, si ndani wala nje.

Akatupanga kama mama anayegawa kazi za sherehe. "Nani ameshabata surua? Mwenye ameshabata, haibati tena. Huyo atanisaidia. Mwenye hajabata, akae mbali." Ndugu wa Ijara wakasema hawajapata, kesho yake wakapandishwa gari la kwao. Sahra akainua mkono kwa furaha, kama darasani. "Mimi nilibata, Eddo. Nikiwa mdogo. Mwili yote." Nami nikasema sijui. Eddo akanitazama. "Hujui? Mwili ni yako, halafu hujui?" Bibi aliyenilea yuko Masalani, sikuwahi kumuuliza, na nani anakumbuka maradhi ya utotoni? Nikahamishiwa stoo, nipike nje, nisivuke mlango wa chumba cha wagonjwa. Sahra akanitolea ulimi akaingia.

Sasa nikae kidogo niwe mwalimu. Eddo alikuwa sahihi, kwamba aliyepona surua haugui tena, na sababu yake ni nzuri mno. Kirusi kikiingia kwa pua na koo, mwili wenye kukutana nacho mara ya kwanza hubabaika. Unahitaji siku kadhaa kutafuta, kati ya chembe nyingi za damu nyeupe, zile chache zenye umbo la kukishika. Zikipatikana zinazaana kwa fujo, zinapambana, na vita vikiisha nyingi zinakufa. Ila chache zinabaki. Zinajificha kwenye tezi, kwenye uboho wa mifupa, nyingine zinaketi palepale mapafuni, na hizo ndizo seli za kumbukumbu. Kirusi kilekile kikirudi hata baada ya miaka, hazibabaiki. Zinaamka na kukimaliza kabla mwenye mwili hajajua kuwa alikuwa na mgeni. Lakini seli hizo zinajua kitu kimoja tu. Sahra aliwahi kuniambia kwamba mjomba wake akiona chapa kwenye shingo ya ngamia anamtambua hata gizani, ila ni chapa ya ukoo wao tu; ngamia wa watu wengine atampita mbele asimgeukie. Ndivyo zilivyo. Wanafunzi wangu wote wamesikia habari za mjomba wa Sahra.

Hospitali ilimpa Abdi dawa na matone ya vitamini, ikamwambia Eddo amrudishe pumzi zikibadilika, maana wodi imefurika. Nikawa napika uji wa mtama na kuuweka kizingitini, Sahra anaufuata, tunasemezana kupitia mlango ulioachwa wazi upana wa kiganja. Chumba kilikuwa na giza, dirisha limezibwa kwa shuka, na Eddo alikataza unsi, ubani wa Kisomali, na marashi kwa kuamini harufu inamkaba mgonjwa, kwa hiyo nyumba iliyonukia unsi miaka yote sasa ilinuka jasho na dawa. Nilimwona Sahra amemlaza Abdi kifuani, anamwimbia kwa Kiswahili nyimbo za chekechea, mtoto hajui neno hata moja. Nikamwambia, "Wewe, mwimbie kwa Kisomali, nitasugua mimi." Akacheka akasema Eddo ana masikio ukutani. Asubuhi moja nikaweka uji kizingitini usichukuliwe. Eddo alitoka amefunika mdomo kwa shela, akasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, akakaa chini pale uani kwenye jua. Sahra alitoka nyuma yake na nguo ya Abdi mkononi, akawa anaikunja, anaikunjua, anaikunja.

Baada ya wiki moja na ushei, tukinywa chai, nikaona macho ya Sahra. Mekundu. Kope zimevimba. Anapepesa kila akitazama mlangoni. "Sahra, macho yako." Akayafikicha. "Ni fumbi tu," akasema. "Leo ubebo ulikuwa mwingi." Halafu akapiga chafya, kisha akakohoa kile kikohozi, kikavu, cha kukwaruza. Eddo alimshika mashavu, akamfungua mdomo vilevile alivyomfungua Abdi. Akatazama muda mrefu. "Haiwesekani," alisema. "Surua haibati mtu mara mbili. Haiwesekani." Alisema hivyo kama anagombana na mtu.

Tukaenda taar. Wasiojua, taar ilikuwa redio ya kuitana, imewekwa kwenye kibanda cha biashara, unalipa mwenye mashine anaita kijiji unachotaka, na kila aliye na redio njia nzima anakusikia, kwa hiyo wakati ule siri hazikuwako Kaskazini Mashariki. Tulisubiri jua la saa saba hadi mama yake Sahra akatafutwa na kuletwa redioni kule Sangailu. Hapo nje ya nyumba yake Eddo aliongea Kisomali, na kwa kuwa hakuna njia nyingine amri yake ya kimya nayo ikafa. Nilidaka jina la Sahra na neno moja nisilolijua wakati ule, jadeeco. Redio ikakwaruza. Halafu sauti ya mama yule, ndogo, ya mbali, ikauliza: jadeeco? Sahra? Ikafuata kelele.

"Maya! Maya! Busbus! Busbus baa ku dhacay!"

Maya nililijua, ni hapana; mengine sikuyapata. Eddo alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana hadi nikalia. "Eddo, anasema nini? Busbus ni nini?" Alisahau Kiswahili chote. Akajaribu, akashindwa, akanionyesha kwa vidole kwenye mkono wake, malengelenge, yale ya majimaji, yanayowasha. Nikaelewa. Tetekuwanga. Sahra alipata tetekuwanga akiwa mdogo hata asikumbuke, aliambiwa tu kwamba alitoka vipele mwili mzima, na kwenye kitabu chetu cha shule kulikuwa na picha ya mtoto mwenye madoa, chini yake pameandikwa surua. Basi. Mtoto mwenye madoa, surua. Angeulizwa kwa lugha yake angejibu sawa, maana jadeeco na busbus kwao ni vitu viwili ambavyo hata mtoto hachanganyi. Mwili wake ulikuwa unajua chapa nyingine kabisa, nasi tukampa Abdi amlaze kifuani.

Sijui nilirudije nyumbani. Najua nilikuwa naogopa mambo mawili kwa pamoja na moja lilinitia aibu. Nilimwogopea Sahra asije akafa. Na nilijiogopea mimi, kwa sababu nimekaa naye tangu Abdi azikwe, nimekunywa naye chai, amenisuka nywele pumzi yake shingoni mwangu, na sijui mwili wangu unajua nini. Eddo alipoingia kumhudumia, nikabaki kizingitini. Siku ya vipele kumtoka, vikianzia nyuma ya masikio na kushuka, homa ilipanda akaanza kuongea Kisomali. Yule aliyeogopa kusugua masufuria akamwaga Kisomali chote alichokuwa amekibana mwaka mzima, anamwita hoyo, mama yake, anawaita ngamia kwa majina. Eddo alikaa akilia wala hakumkataza. Halafu katikati ya maneno yale nikasikia Hawa. Hawa, kaalay. Hilo nililijua. Njoo.

Nilisimama pale kizingitini, wallahi. Nilivaa viatu nikavua. Mwisho niliingia, si kwa ushujaa, ila kwa sababu kumsikia ananiita nikiwa nje kulikuwa kubaya zaidi ya kuingia. Ngozi yake ilichoma. Midomo imepasuka. Nilimpa maji kwa kijiko, nikamfuta macho kwa pamba na maji ya uvuguvugu, na kila alipokohoa usoni mwangu nilibana pumzi kama mtu anayezama, ujinga mtupu. Eddo akanitazama tu. "Umeshaingia," akasema. "Sasa kaa."

Tangu hapo kila asubuhi nilichukua kioo cha Eddo nikakipeleka uani, nikavuta kope zangu, nikafungua mdomo kutafuta chumvi. Nilipopiga chafya kwa sababu ya moshi wa jiko nililia kilio cha mtu aliyehukumiwa. Mama yake Sahra akafika juu ya lori la mbuzi, amejaa vumbi, amebeba kibuyu cha maziwa ya ngamia na nyirinyiri, ile nyama ya kukaanga inayokaa bila kuoza, kwenye kopo. Alimkumbatia binti yake, kisha akasimama mbele ya Eddo. Nilidhani atampiga. Waliongea Kisomali ndani ya nyumba, sauti za juu, kisha za chini, kisha wakalia pamoja, na tangu siku ile sheria ya Eddo haikutajwa tena. Hakuna aliyetangaza kuifuta. Masufuria yakawa yanasuguliwa kwa zamu.

Sahra akapoa. Vipele vikageuka vyeusi, ngozi ikabambuka, akaomba nyama. Mama yake akachinja, unsi ukachomwa, tukala wali kwa mikono tukicheka. Nami sikuugua. Likizo nilipofika Masalani nilimuuliza bibi kabla hata ya kutua mzigo. Akashangaa swali lenyewe. "Wewe ulichanjwa," alisema. "Walikuja wachanjaji ng'ambo, mto umejaa, watu wanakataa kuvuka. Nikakubeba nikapanda mtumbwi. Ulilia kwenda na kurudi, ukanitapikia leso yangu mpya. Hukumbuki?" Sikumbuki. Sikumbuki mto, wala sindano, wala leso. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kwa sababu kuna kitu ndani yangu kilichokumbuka kwa niaba yangu miaka yote ile, nami nilikuwa navuta kope mbele ya kioo.

Ningependa hadithi hii iishie hapo, na kwa muda mrefu niliposimulia niliimalizia hapo. Lakini hofu kubwa ilikuja baadaye, wakati tumeshaiacha. Muhula uliofuata mafua yalipita Iftin, mafua tu ya kawaida. Mimi nikapiga chafya siku mbili, Eddo akanywa tangawizi akasahau. Sahra yalimwangusha. Yalishuka kifuani, mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na safari hii Eddo hakungoja. Tulimkimbiza hospitali, tukamkuta daktari akamwekea oksijeni. Akapona, akatoka, mwezi haukupita akarudi. Koo, sikio, kifua tena. Msichana aliyekuwa akiwacheka watu wanaoumwa mafua sasa alikuwa anaugua kila kinachopita mlangoni, kama mtoto mchanga. Mama yake alisema ni jicho. Eddo alisema damu imeisha. Hakuna aliyejua, nami sikujua hadi nilipokuwa mtu mzima na kulisoma mwenyewe kitabuni: kirusi cha surua, katika chembe zote za mwili, hupenda kuingia na kuua hizohizo seli za kumbukumbu. Anayepona surua huikumbuka surua, ila mengi aliyokwisha kujifunza mwilini mwake yamefutika. Mafua aliyoyashinda utotoni, kikohozi alichokizoea, mwili unavitazama kama vigeni. Inabidi aanze upya, ugonjwa mmoja baada ya mwingine, na wengi hawamalizi darasa hilo. Nilikisoma kitabu kile nimekaa ofisi ya walimu. Nikakifunga, nikatoka nje, nikasimama uwanjani hadi kengele ilipolia.

Sahra alilimaliza. Ilimchukua mwaka mzima wa shule, akarudi Sangailu, akaolewa, na tukapoteana kwa jinsi watu walivyokuwa wakipoteana kabla ya simu.

Kwa hiyo, kikohozi kile kwenye matanga. Niliweka gilasi chini nikageuka. Ni mtoto wa kike, wa kama miaka mitatu, kamasi puani, amelala mapajani mwa mwanamke mrefu ambaye miguu yake haikuwa na pa kukaa mkekani. Mwanamke yule alikuwa amenitazama muda wote huo. Nilisema jina lake, akasema langu, na kile kicheko kikatoka, mle ndani ya msiba, hadi mama mmoja akatufyonya. Tulishikana mikono. Aliniambia wa kwanza kumpigia simu kuhusu kifo cha Eddo alikuwa dereva mmoja wa Garissa, kwamba huyu ni mjukuu wake, kwamba mwaka ule yeye haukumbuki, isipokuwa mtu anamfuta macho huku amebana pumzi. Mimi nilikuwa namsikiliza huku masikio yangu yapo kwenye kifua cha yule mtoto. Akakohoa tena. Sikuweza kujizuia.

"Sahra, huyu amechanjwa surua?"

Akaacha kucheka. Alitazama kizingiti, palipokuwa na rundo la viatu vya wageni, kisha akanirudishia macho.

"Niulize kwa Kisomali," alisema.

Kisomali changu ni kibovu hadi leo. Nilitafuta maneno, nikayakosa, nikamwekea mtoto mkono mgongoni, nikasema neno moja tu nililolijua. Jadeeco?

"Haa," alisema Sahra, ndiyo ya Kisomali. "Jadeeco. Amechanjwa mara mbili, mimi mwenyewe nimembeba." Akampangusa mjukuu pua kwa shela yake. "Hii ni mafua tu, abayo. Kunywa chai yako."